Majina Yaliyokuwa Ndani ya Mashine

Fadhila Asani alikuwa na chumba kimoja cha barabarani kule Nyamianda, mtaa wa mji wa Uvira, ambamo watu walikuja kuchapisha barua, kupiga fotokopi na kuchaji simu. Babu zake walivuka ziwa zamani na mizigo ya chumvi na vitambaa. Yeye alirithi chumba tu. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na mmoja, mwenye sauti ya chini. Wateja walimpenda kwa sababu alisoma barua za watu bila kuzitangaza.

Kilichomtoa katika ukimya wake ni kifo cha Ishimwe, muuguzi aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwake. Kwenye mtandao mkubwa uliotumiwa na mji mzima, mtu asiyejulikana alibandika picha ya Ishimwe akimwita mpelelezi wa adui kwa sababu ya kabila lake. Fadhila alibonyeza mahali pa kushtaki mara kumi na moja. Jibu lilikuja kwa Kifaransa: picha haivunji kanuni. Kesho yake, saa nne asubuhi, watu walimtoa Ishimwe nyumbani mwake, na hakufika akiwa hai hata kwenye njia kuu. Wiki moja baada ya maziko picha ilikuwa bado pale, na watu wakiichekea.

"Wenye mtandao hawajui hata Uvira iko wapi," Fadhila alimwambia Venant, fundi wa kompyuta aliyemtengenezea mashine zake. "Minye nitamulilia nani?"

Venant alimweleza kwamba iko njia ingine. Zipo programu zilizoandikwa na watu wa kujitolea, ambazo yeyote anaruhusiwa kuzichukua bure, kuzifungua aone zinavyofanya kazi, na kuzirekebisha. Unaiweka programu kwenye mashine yako mwenyewe, na hiyo inakuwa seva. Watu wa mtaa wanajiandikisha kwako, na seva yako inaongea na zingine, ya Bukavu, ya Bujumbura, bila bosi mmoja juu ya zote.

"Na muntu akiandika uongo wa kuua?"

"Weye ndiye utaufuta. Palepale."

Basi waliiweka mashine chini ya meza ya fotokopi, wakaiunga na betri ya jua. Baada ya mwaka mmoja watu mia tatu na arobaini walikuwa wamejiandikisha. Waliandika habari za mvua, za misiba, za maji kukatika. Kila asubuhi Fadhila alisoma yote yaliyoandikwa. Palipokuwa na matusi ya kabila alifuta, kisha akampigia simu aliyeyaandika, akamsema kama shangazi yake. Wengine walikasirika wakaondoka. Wengi walibaki.

Kisha vita viliteremka bonde la Ruzizi. Félicité, mkulima wa Sange aliyekuwa amekimbilia mtaa wa Songo hapo Uvira, alikwenda na binti yake Divine hadi mpaka wa Kavimvira pamoja na maelfu ya watu. Katika msukumano mkono wa binti ulimponyoka. Divine alivuka upande wa Burundi; mama alibaki huku, kizuizi kikafungwa.

Félicité hakuwa na simu. Divine, aliyekuwa na miaka kumi na sita, aliazima simu za watu kule kwenye kambi ya wakimbizi na kuandika kwenye seva ya Fadhila. Kila siku mama alikuja kukaa kwenye benchi asomewe. "Mama, niko muzima. Tulikula maharage." Félicité aliomba arudiwe hata mara tatu.

Siku moja mawasiliano yalikatika mji mzima. Siku ya nne, asubuhi, yalirudi, na simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya Venant, ambaye tayari alikuwa amekimbilia Bujumbura.

"Da Fadhila, wenye silaha wameingia. Wanatafuta watu walioandika juu yao. Mashine yako iko na majina na namba za simu za watu wote. Ivunje."

"Nakala ya akiba iko kwako?"

Venant hakuwa nayo. Alikuwa ameahidi kuitengeneza, hakuifanya.

Wakati huohuo ujumbe wa siku tatu ulikuwa ukimiminika kutoka ng'ambo, wa watu waliokuwa wakitafuta jamaa zao. Fadhila alihesabu arobaini na sita. Simu yake ingepekuliwa, kwa hiyo alichukua daftari akaanza kunakili kwa mkono: jina la kwanza na mahali alipo mtu, basi. Alifuata mfuatano ambao ujumbe ulifika, maana kwake hakuna mtoto wa mtu aliyestahili kutangulia mwenzake. Chini kabisa aliliona jina la Divine. Akaendelea na wa nane, wa tisa, wa kumi.

Alipokuwa kwa wa kumi na saba, alisikia malori yakiingia mtaani. Alichomoa diski, akaiponda uani kwa nyundo, vipande akavitupa chooni.

Wenye silaha walimfuata siku ya tatu. Tayari alikuwa amechana karatasi kumi na sita daftarini na kuzigawa kwa wenyewe. Walitaka majina. Walimshika siku tisa, na aliporudi sikio la kushoto halikusikia tena. Hakuwa ametaja hata mtu mmoja.

Félicité alikuja siku hiyohiyo, akakaa kwenye benchi.

"Kuna wenye walipata karatasi," alisema. "Yangu?"

Fadhila angeweza kusema hakukuwa na kitu. "Ilikuwapo, Mama Divine. Niliona jina lake. Sikufika."

"Ulimuona?"

"Alikuwa wa mwisho mwisho. Nilifuata mustari."

"Weye ulimujua. Ulimusoma kila siku mbele yangu. Ungeruka tu, dada. Nani angekuuliza?"

Félicité alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akatoka.

Baadaye ilisikika kwamba watu wa kambi ile walihamishwa, wengine huku, wengine kule. Akaunti ya Divine ilikufa pamoja na diski. Hata kama angeazima simu tena, hapakuwa na mahali pa kuandika. Fadhila alikwenda bandari ya Kalundu mara nyingi kuwauliza waliotoka kwenye boti kama wamemwona msichana mwembamba, mwenye kovu kwenye nyusi. Hakuna aliyemwona.

Venant alimwomba waanze upya, seva ikae nje ya nchi. Miezi miwili alikataa. Mwishowe alikubali kwa masharti: namba za simu zisiandikwe, na ufunguo wa seva ushikwe na watu wawili. Waliojiandikisha ni kumi na mmoja. Félicité hupita mbele ya chumba kile na beseni la majani ya sombe kichwani, na akiitwa haitiki.