Kikombe Chenye Gazeti Ndani

Mwaka ule wa mafuriko, mitumbwi ilipopita katikati ya migomba ya Mwaya, kijiji chetu kando ya ziwa, nilikuwa na miaka kumi. Shida yangu ilianzia hapo. Niseme mapema: mimi niliishia darasa la tatu, anayetaka maneno ya kupambwa aende kwa wasomi.

Enzi zetu masika yalikuwa sherehe. Tulicheza mpira wa majani makavu ya migomba mpaka ukalowa na kuwa mzito kama jiwe, tukarudi nyumbani kula wali na usipa, dagaa wa ziwani kwetu, wa kukaanga, matope hadi masikioni. Vijana wa leo wakinyeshewa kidogo wanajifunika mablanketi na kuomba chai ya tangawizi.

Mwaka ule maji yaliingia vyooni, yakatoka, yakaingia visimani. Kipindupindu kikafuata. Asubuhi wadudu wa ziwani walipanda juu ya maji kama moshi usio na moto, na chini yake hakuna mvuvi hata mmoja.

Kila darasa lilikuwa na mtungi mmoja wa udongo uliofinyangwa Ikombe, na kata moja ya kibuyu. Mwalimu alisema maji yachemshwe na kila mtoto aje na kikombe chake. Wazazi wakamkatalia. Kwetu kunywa kata moja ni kuapa kwamba huna ubaya na mwenzako. Anayekuja na chombo chake anawatangaza wengine kuwa wachawi.

Mama yangu, mjane, hakujali. Alikwenda dukani kwa Mzee Salumu akanunua vikombe viwili vya bati, changu na cha mdogo wangu wa kike, Atupele. Mzee Salumu alivijaza gazeti ndani, visibonyee njiani.

“Mwe!” wenzetu wakatupokea. “Mama yenu anatuona wachawi? Mnaogopa mate yetu?”

“Mate yenu kunyweni wenyewe,” nikawajibu. Mimi kichwa changu ni kigumu tangu kuzaliwa. Atupele alikuwa mtu wa watu. Alicheka tu, akainamisha uso, akaingia darasani kwao.

Kila jioni mama alimuuliza, “Umekinywea?”

“Ndiyo, mama.”

Madawati yakaanza kubaki wazi. Mwalimu akiita majina, mara nyingi iliitika mvua. Upepo ulipoingia dirishani, kata iligonga mtungi yenyewe, ko, ko, kama mtu anayeomba maji. Tuliacha kutazama upande ule. Watoto walinong'ona kwamba mtungi unaita anayefuata.

Asubuhi moja Atupele hakuweza kusimama. Jua halijazama, tulikuwa hatunaye. Alizikwa haraka, bila ngoma, bila watu kula pamoja, na kwetu msiba bila chakula ni kama mtu hakuwahi kuishi. Tulipotoka makaburini mama akafungua mfuko wa shule wa Atupele. Akatoa kikombe. Gazeti lilikuwa bado ndani, limekunjwa vilevile alivyolikunja Mzee Salumu. Mama hakulia. Alikishika tu, akikigeuzageuza.

Shule ilifungwa kwa ajili ya ugonjwa; ilipofunguliwa tena nilikaa kwenye dawati langu, na wote wakahama. “Mchawi ndiye huyu,” nikawasikia. “Alikunywa peke yake, akammaliza dada yake.” Kila nilipoingia, walivuta madawati yao mbali nami. Siku moja nikatoka, sikurudi. Nikabeba mizigo, nikalima vibarua vya mpunga Ipyana, nikavua. Hakuna aliyenishika mkono.

Leo shuleni kuna ndoo za bomba na sabuni mlangoni, na kila mtoto ana chupa ya maji shingoni kama mtalii. Wanasukumwa kunawa wakinung'unika. Masika haya nilimkuta mjukuu wangu getini, chupa yake inapita midomo ya rafiki zake.

“Babu, hawa ni marafiki zangu!”

Nilimchukua nyumbani nikamwonyesha kile kikombe nilichorithi kwa mama. Aliuliza kwa nini gazeti halijatolewa. Nikamwambia. Tangu siku hiyo hunywa kwenye chupa yake peke yake, na wakimcheka anawacheka. Sisi tulipendana kwa kata moja, na upendo ule ulijaza makaburi. Hawa wanapendana kila mtu na chupa yake. Nauonea wivu upendo wao.

Nilivyo navyo leo: nyumba ya matofali, shamba la mpunga Ipyana, miti ya kokoa, mashine ya kukoboa, boti yenye injini. Vikombe viwili vya bati. Kimoja kimechakaa. Kingine ni kipya.