Jinsi Kinyozi Alivyochonga Gobori Malaz

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi ni kinyozi. Nilikuwa kinyozi Kitale, ni kinyozi hata sasa, na ukinipa kichwa chako leo utakirudisha nyumbani kikiwa na adabu. Fundi wa mbao sijawahi kuwa. Kiti nilichotengeneza nikiwa shuleni kilikataliwa na mwalimu, kikakataliwa na mama, mwishowe kikapokelewa na moto bila malalamiko.

Lakini ile ilikuwa miaka ambayo kila mtaa wa Nairobi ulikuwa na ajenti wa Saudia, na kila ajenti alikuwa na haraka. Wangu akaniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akatikisa kichwa, vinyozi hawatakiwi. Akapekua makaratasi, akasema kuna familia Riyadh inataka dereva anayejua useremala. Leseni unayo? Ninayo. Randa unaijua? Nikasema nimewahi kuiona. Akaandika: dereva, seremala, uzoefu miaka kumi. Nilipofungua mdomo akaniambia watu huko huandikwa maseremala na hawashikishwi hata msumari. Nikatia sahihi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimevua mpaka soksi: kiti cha kunyolea nimeshauza, kanisani nimeshaombewa, mbuzi wa kuniaga ameshachinjwa na kuliwa.

Kulikuwa na jambo moja tu la kuogopa, nalo ni miezi mitatu. Ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kafili, yaani mwajiri aliyekuleta, asiporidhika na wewe anaweza kukurudisha ofisini akaletewa mwingine, kama viatu. Sasa mtu aliyeagwa kwa mbuzi atarudije Kitale baada ya miezi mitatu aseme hakuwa saizi? Hilo ndilo nililoliwaza kila nikinawa uso. Nifikishe miezi mitatu bila kujulikana, mengine Mungu atapanga.

Nyumba ilikuwa Malaz, mtaa wa zamani wenye majengo ya ghorofa na miti ya vumbi. Kafili wangu, ambaye sote tulimwita baba, alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mpole, mwembamba, na Kiingereza chake kilitutosha sisi wawili. Madam, mkewe, alikuwa na neno moja nami: yeye alihitaji dereva, seremala hakumwomba mtu. Na alikuwako dada wa kazi kutoka Mombasa, aliyekaa pale miaka minne na kuwajua wote nje ndani. Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini chapati zake zilimwombea msamaha.

Siku yangu ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, baba alinipeleka kwenye chumba kilichoko nyuma ya nyumba, kilichopakana na changu. Nikachungulia ndani. Meza ya fundi. Misumeno, patasi, tupa na randa zimening'inia ukutani, mpya kabisa, nyingine bado zina vibandiko vya dukani. Juu ya meza palilazwa ubao mzito wa mjozi, na kando yake mtutu mrefu wa chuma na mtambo wake wa kupiga cheche, vyote vya zamani sana.

"Gobori la babu yetu," akasema. "Mbao zake ziliisha kwa mchwa."

Kisha akanieleza. Asili yao ni milima ya Hijaz, na kwao wanaume hucheza harusini wakiruka juu na kufyatua magobori, baruti tupu bila risasi. Mwanawe alikuwa aoe Jeddah baada ya wiki kumi na moja. Kaka yake mkubwa, anayeishi huko Jeddah, amemcheka tangu utotoni, kwamba ni mtu wa vitabu asiyeweza kufungua hata kopo. Basi baba alikuwa ameutangazia ukoo mzima kwamba atafika harusini na gobori la babu, mwili wake umechongwa upya kwa mikono yake mwenyewe. Kibali cha serikali alikuwa amekitia kwenye fremu, amekitundika ukutani kama cheti cha ndoa.

"Kwa mikono yangu," akarudia. "Na wewe najari utaniongoza."

Najari ni seremala. Nikahesabu vidole. Harusi ingefika wiki mbili kabla ya miezi yangu mitatu kuisha.

Kesho yake tukaanza, au niseme tukaanza kukaa. Baba alileta kahawa na tende, akanyoosha mkono kuelekea ubao kama anayemkaribisha mgeni kwenye chakula. Mimi nami nikanyoosha mkono, nikamkaribisha yeye. Kwetu mdogo haanzi kazi mbele ya mkubwa, na nilimshukuru Mungu kwa mila hiyo kuliko nilivyowahi kuishukuru. Kumbe kwao nako mwenyeji hamtangulii mgeni, sembuse mgeni aliye fundi. Akanikaribisha tena. Nikamrudishia. Tukanywa kahawa. Nikaugonga ubao kwa kidole, nikaitikia kwa kichwa kama daktari aliyesikia jambo kifuani. Baba naye akaugonga, akaitikia. Adhana ikaita, akaenda kuswali.

Hivyo hivyo siku ya pili. Hivyo hivyo wiki ya pili. Nilishajua kuugonga ubao ule mahali kumi na mbili tofauti.

"Kaka," dada akaniuliza jikoni, "ule ubao mwauchonga ama mwauposa? Wiki ya tatu hii mwaenda na tende, mwarudi bila jibu."

Nikamwambia mbao nzuri haiharakishwi. Akacheka mpaka unga ukammwagika.

Mchana, nyumba nzima ikilala baada ya chakula, mimi nilijifungia chumbani na simu nikitafuta mafunzo. Nilipata video ya mzee mmoja mwenye ndevu, Mzungu, anayechonga magobori polepole huku gitaa likipigwa nyuma. Siku moja nikaisimamisha ili nijiandikie jambo. Gitaa halikunyamaza. Nikaitazama simu, imezimika kabisa, na gitaa linaendelea. Nikatega sikio ukutani. Upande wa pili, kwenye karakana, yule mzee wangu alikuwa akieleza sehemu ileile ya kupachika mtutu, na sauti ya baba inarudia maneno yake taratibu, kama mtoto anayekariri.

Nilikaa kitandani nikacheka nikiuma mto. Kumbe naye hajui lolote. Nilifurahi vibaya, sitaficha. Siri yake ninayo, yangu hana, na mtu mwenye siri ya bosi hulala vizuri zaidi.

Aliyetusukuma ni madam. Alikuja mlangoni, akauona ubao hauna hata mkwaruzo, akamwambia mumewe maneno mengi kwa Kiarabu. Dada alinitafsiria baadaye: madam alitaka nirudishwe ofisini kabla muda haujapita. Baba alijibu neno moja tu, bado. Usiku ule sikula, hata chapati.

Siku iliyofuata nilichukua msumeno nikaanza. Ni heri kuaibika ukifanya kuliko kuaibika umekaa. Na ajabu, ule ubao ulipoanza kupata umbo, mikono yangu ikatulia, maana niliona ni kichwa. Kina kisogo, kina mashavu, kina mahali pa shingo. Nikakipunguza kidogo kidogo. Nikapuliza vumbi. Nikatoa ile brashi yangu laini ya kupangusia nywele, niliyokuja nayo kutoka Kitale, nikakipangusa shingo. Nikajisikia nikiuliza, "Nipunguze zaidi hapa pembeni?" Baba akadhani namuuliza yeye, akasema ndiyo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo kinyozi peke yake angelifanya. Shavu la kushoto likaonekana nene, nikalipunguza. Sasa la kulia likawa nene, nikalishusha nalo. La kushoto tena. Kila kinyozi anajua ugonjwa huu, mteja ameingia na nywele anatoka na kipara na bado unatafuta usawa. Mbao haisemi "inatosha". Kitako cha gobori kikakonda, kikakonda, mpaka baba akainuka kwenye kiti chake na kunishika mkono.

"Halas," akasema. "Acha. Nitafanya mimi."

Akachukua tupa. Aliishika vibaya, kama chaki, na mpigo wa kwanza ukateleza ukamkwaruza kidole. Akafunga kitambaa, akapiga tena. Mimi nikakaa kwenye kiti chake. Nilijua nimekwisha. Fundi gani huyu anayenyang'anywa tupa na mwalimu wa jiografia? Nikaanza kukunja nguo zangu kwa akili, shati moja moja.

Lakini hakunirudisha. Kila siku baada ya Alasiri aliingia karakana, akachonga, mimi nikimshikia mbao na kupuliza vumbi. Alikosea sana. Sehemu ya mtutu aliichimba mara tatu ndipo mtutu ukakubali kulala. Akikosea alinitazama, nami nikatikisa kichwa kwa uzito kana kwamba kosa hilo nimelifanya sana ujanani. Wiki kwa wiki nikaona mikono yake ikibadilika, na akaanza kuimba kwa sauti ya chini akifanya kazi. Kupaka mafuta na kusugua aliniachia mimi, kwa sababu hiyo nilikuwa naiweza kwelikweli. Gobori likang'aa. Lilikuwa jembamba kuliko magobori yote niliyoyaona kwenye video, lakini liling'aa.

Familia ikasafiri kwa ndege. Gobori haliwezi kupanda ndege, kwa hiyo mimi na baba tukaenda kwa gari, siku nzima barabarani, lenyewe limelazwa kiti cha nyuma na kufungwa mkanda, kibali kimetolewa kwenye fremu kwa mara ya kwanza. Jeddah nililala Kandara, kwenye vyumba vya bei rahisi karibu na stendi ya zamani, nikiwa na madereva wengine wa Kenya. Walinisaidia kupiga pasi shati na kunicheka bure.

Wanaume walikusanyika kwenye uwanja jua likianza kupoa. Wakacheza, wakaruka, moshi ukatanda. Zamu ya baba ilipofika nilisimama nyuma ya sinia za wali nikisali kwa Kiswahili. Alijaziwa baruti na mzee anayeijua kazi hiyo. Akaruka, si juu sana, akafyatua. Kimya. Cheche tu. Kaka yake, jitu lenye ndevu za hina, akaanza kutabasamu. Baba akatengeneza tena, akaruka tena, na gobori likalia mpaka nikahisi kifuani. Alipotokea kwenye moshi kitako kilikuwa kizima na kofia yake iko upande. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na sura ile ya furaha.

Kaka mkubwa akalichukua gobori. Akalipitishia dole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho, akalipima mkononi. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika, kwa Kiarabu ambacho hata mimi nilikuwa nimeanza kukishika, kwamba ni jepesi na zuri, la babu lenyewe lilikuwa zito kama mlango. Kwao mkubwa akisifu kitu chako hadharani, unampa.

"Ni lako," baba akasema hapo hapo.

Kaka akashukuru. Kisha akanigeukia mimi. Huyu ndiye najari? Umefanya kazi hii miaka mingapi? Macho yote yakanijia. Nikasema kumi, kama karatasi inavyosema. Akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akamwambia mdogo wake amwachie fundi huyu, ana milango na masanduku ya zamani ya kutengeneza, na karatasi za kunihamisha ni jambo la kesho.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwenye masanduku ya mzee wa ndevu za hina. Nilijua kwake sitamaliza hata siku moja, atanijua kabla ya adhuhuri na nitakuwa ndani ya ndege. Baba akanitazama, akamtazama kaka yake.

"Gobori chukua," akasema. "Najari, hapana."

Watu wakaguna. Kumnyima kaka mkubwa mbele ya ukoo si jambo dogo, na ndevu za hina zilitetemeka. Baba akasimama palepale, kidole chake bado kina kovu.

Kesho yake asubuhi tukaondoka Jeddah na kiti cha nyuma kitupu. Nilivumilia mpaka tulipopita Taif.

"Baba," nikasema, "gobori ulilolichonga kwa mkono wako umelitoa. Mimi umekataa kunitoa. Kwa nini?"

Akajigeuza kitini, akanitazama.

"Wewe si najari," akasema. "Kaka angekujua kwa saa moja."

Nikamuuliza amejua lini.

"Siku ya kwanza. Nimefundisha maisha yangu yote. Namjua mwanafunzi ambaye hajafungua kitabu."

"Na hukunirudisha?"

"Madam alitaka. Ofisi walisema wataniletea fundi wa kweli." Akaviangalia viganja vyake, akavigeuza. "Nikamfikiria huyo fundi. Angeingia, angeniona ninavyoshika tupa, angeniambia kwa heshima: baba, keti, nitakutengenezea. Watu wote wananiambia hivyo, tangu nikiwa mdogo. Keti. Wewe ulikuwa huwezi kabisa. Ilibidi niinuke."

Nilitaka kumshukuru. Machozi yalikuwa karibu na aibu ilikuwa karibu zaidi, na asante ya kuambiwa hufai mpaka leo sijui inasemwaje. Nikakanyaga mafuta. Baba akaomba nipunguze mwendo, kisha akaniuliza kama najua mahali Riyadh wanapouza mjozi.