Mtoto Aliyesimama Mlangoni

Nakumbuka siku moja ya mvua kule Kingi, mlima wote umefunikwa na ukungu, nami nimelala karibu na moto pamoja na mtoto wangu wa pili, Furaha. Kitovu chake kilikuwa hakijaanguka bado. Nyumba ilijaa wanawake. Katika ile miaka ya hamsini, mwanamke akizaa, majirani walikuja na vitunga kichwani: huyu uji wa mtama, huyu maharage yaliyopondwa na siagi ya ng'ombe, huyu supu ya kuku. Walimwimbia mtoto, wakauliza amefanana na nani.

"Pua iko ya baba yake," mmoja akasema.

"Basi tumuombee!" mwingine akajibu, na nyumba yote ikacheka.

Mwanangu, mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mlango. Pale alisimama mtoto wangu wa kwanza, Safari, aliyekuwa ndiyo kwanza amejua kukimbia. Mkononi alishika kipande cha muhogo baridi. Hakukila. Wala hakulia tena, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Wewe sasa unangoja mtoto wa pili, ndiyo maana nakuandikia haya yote, hata yale yanayonitia haya. Nilipojua nina mimba ya Furaha, nilimwachisha Safari kunyonya siku ile ile. Tuliamini maziwa ya mwenye mimba yanamdhuru mtoto. Tangu hapo alikula muhogo na ndizi pamoja na watoto wakubwa, sahani moja, na wewe unajua mkono wa mtoto mdogo unafika pale wakati gani. Furaha alipozaliwa, kila aliyeingia alimwambia Safari, "Weye sasa njo mukubwa." Mukubwa, na meno yake ya nyuma hayajaota!

Chakula changu kilikuwa kingi. Lakini mama mkwe wangu, mwanamke mwema aliyenipenda, alikuwa na sharti moja alilolipokea kwa mama yake: chakula cha mzazi hakigawanywi. Ukimpa mtu mwingine, hata mtoto wako mwenyewe, maziwa yanakauka na mtoto mchanga anakufa. Basi nilikula nimegeukia ukuta, kama ilivyompasa mke kijana mbele ya mama mkwe, huku nikisikia pumzi ya Safari nyuma ya mgongo wangu. Niliona miguu yake inavimba. Niliona nywele zake zinakuwa nyekundu na laini, kama ndevu za mahindi. Mimi niliyesoma kwa masista, niliyejua kuandika na kushona, nilishindwa kutamka neno. Haya ilinifunga kinywa, na hofu pia. Nikimlisha huyu, je, nitamuua yule?

Wakati wanawake wanacheka hivyo, aliingia koko wangu, mama wa mama yangu. Alikuwa ametoka Kibua, kule Walikale, kwa miguu, amepita msitu wote na kitunga cha samaki mkavu na mawese. Wanawake wakampisha. Mama mkwe akasema kwa furaha, "Karibu, Mama! Mujukuu yako iko huku, kwa moto."

Koko hakuja kwa moto. Aliinama pale pale mlangoni, akakamata mguu wa Safari, akaubonyeza kwa kidole gumba, halafu akaondoa kidole. Shimo likabaki, kama vile amebonyeza bugali.

Kicheko kikaisha.

"Huyu iko na bwaki," akasema, akiutaja ule ugonjwa wa njaa unaovimbisha mtoto. "Munaimba, munakunywa uji, na mutoto anaisha mbele ya macho yenu."

Mama mkwe akajibu kwa sauti ndogo, "Mama, tulisema ni wivu tu ya mutoto muchanga. Itapita."

"Wivu haivimbishe miguu."

Kisha akanigeukia. "Na weye uliyesoma, kinywa yako iko wapi?"

"Koko, naogopa maziwa itakauka."

"Ikikauka, mimi njo nitajibu. Kwetu, muchanga hapokelewe mu nyumba mupaka mukubwa wake akule kwanza, mu sahani ya mama, kwa mukono ya mama. Yeye njo anamufungulia mulango. Sasa mumemuacha ku mulango!"

Akambeba Safari, akamweka pajani kwangu, upande wa pili wa Furaha. Mbele ya wanawake wote nikachota maharage yale yenye siagi, nikamtia mtoto kinywani. Akayashika tu, hamezi. Nikangoja. Nyumba nzima ilingoja. Halafu akameza, akafungua kinywa tena.

Mama mkwe akatoka nje. Nilidhani amekasirika. Akarudi na yai, na mayai kwetu watoto walikuwa hawapewi, akalivunja ndani ya supu yangu, akalikoroga. Akaniletea kijiko.

Safari hakupona upesi. Kulikuwa na asubuhi ambazo niliogopa kumgusa, nisije nikamkuta baridi. Koko alibaki nasi mpaka uvimbe ulipoanza kushuka. Maziwa yangu hayakukauka. Lakini mmoja wa wanawake wale waliocheka alimzika mtoto wake wa kwanza kabla mtama haujavunwa, kwa ugonjwa ule ule. Alikuwa ameona yote, naye pia aliogopa sharti, na nyumbani kwake hakuingia mtu wa kumwambia. Bado namuona akipita na jembe, mtoto mchanga mgongoni, hatazami kwangu.

Basi, mwanangu, siku wanawake watakapojaa kwako, usianze kuwaonyesha mtoto mchanga. Mtafute kwanza yule mwingine. Atakuwa kimya mahali fulani, na watu watakuambia ana tabia njema. Mwite, umlishe kwa mkono wako, chakula chako wewe, kile kizuri, mbele ya wote, hata kama unaona haya kama nilivyoona mimi. Na ukimuona mama kijana anakula amegeukia ukuta, usingoje koko atoke mbali. Sema wewe.

Mungu akujalie maziwa tele na moto usiozimika, na watoto wako wote wawili wakuzike wakiwa na mvi. Na baba yako Safari akija kumpokea mjukuu, mpe na yeye tonge kutoka sahani yako. Aliwahi kulingoja.