Baba Alitupa Funguo za Gari Mtoni, Zimebaki Kilomita Kumi na Nane

Baba yangu, mzee wa miaka themanini na tatu, alishika funguo za gari langu, akatembea hadi katikati ya daraja, akazitupa mtoni.

Sikuota. Nilizisikia kabisa zikitua majini, chubwi!

Halafu akanigeukia, macho makavu.

"Zimeponyoka."

Ilikuwa Jumatatu, saa tano na nusu asubuhi. Zilibaki kilomita kumi na nane tufike kwa kaka yake, Baba Mkubwa Marcellin, na mezani tulitakiwa saa sita kamili.

Jamani, kaeni niwasimulie.

Naitwa Solène. Naishi mjini Clermont, kazini naenda kwa tramu, ile treni ya mitaani, gari sikuwahi kulihitaji. Leseni nimeipata juzijuzi tu, nikiwa na miaka arobaini na moja. Nyuma ya gari nimebandika ile herufi A nyekundu ya madereva wapya, ambayo inawafanya watu wakupigie honi hata ukiwa umeegesha.

Baba na Marcellin walikuwa hawajasemezana miaka kumi na tisa. Kisa? Chakula cha mchana.

Sisi wa mjini ukialikwa kula, unachelewa robo saa makusudi, mwenye nyumba apate nafasi ya kumalizia jikoni. Ndiyo adabu. Kule shambani kwa Marcellin, saa sita ni saa sita, hata aje nani.

Mwaka huo Baba alifika saa sita na robo, ameshika maua, akawakuta wameshamaliza supu. Hakukaa. Aligeuza gari palepale uani, maua yakarudi mjini.

Basi. Miaka kumi na tisa, kwa ajili ya supu!

Sasa Jumamosi akanipigia Mama Mkubwa Josette, mke wa Marcellin.

"Solène, Jumanne mume wangu anapasuliwa moyo. Daktari hajatuficha, anaweza asiamke. Jumatatu mlete baba yako ale hapa. Na mwanangu, nakuomba, saa sita."

Sikulala vizuri. Nikachukua karatasi, nikapanga safari. Simu ilisema ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa njia za vijijini, maana barabara kuu naiogopa kama nini. Nikaweka vituo vitatu, dakika kumi kila kimoja. Tukiondoka saa mbili, saa tano tuko uani kwao. Nilijiona bingwa.

Baba akaisoma ile karatasi akiwa ameshafunga mkanda.

"Dakika kumi? Mimi kukojoa tu ni dakika kumi."

Nikacheka. Sikujua kwamba ananiambia kitu.

Kituo cha kwanza alikwenda msalani, akatoka amempata rafiki. Wakaongelea magoti yao dakika thelathini na tano. Namwita, ananionyesha kidole: kidogo tu.

Kituo cha pili ilikuwa jibini. Lazima twende na jibini, hatuwezi kwenda mikono mitupu. Akaonja moja, akaonja la pili, akarudia la kwanza.

"Baba, twende!"

"Jibini halikimbizwi, mwanangu."

Tulivyotoka hapo tukaangukia nyuma ya trekta la majani makavu. Kona juu ya kona. Kulipita siwezi. Nyuma yangu kuna foleni ya watu wanaonitukana mimi na herufi yangu. Pembeni yangu Baba anapiga mluzi. Nilitamani kulia.

Kituo cha tatu kilikuwa pale darajani.

"Nipe funguo nichukue koti langu," akasema.

Nikampa.

Mengine mnayajua.

Nilimfokea baba yangu. Sijawahi maishani. "Ndugu yako anaweza kufa kesho!"

Mzee anatazama mto tu.

Simu haikuwa na mtandao. Tukapanda kwa miguu hadi kijiji kilichokuwa juu kidogo. Tunaingia, kengele ya kanisa nayo inagonga saa sita.

Sasa nani atakufungulia mlango saa sita mchana? Mlango wa kwanza katoka bwana mmoja na kitambaa cha kulia shingoni.

"Tuko mezani, mama."

"Naomba nipige simu tu."

"Rudi saa nane."

Akafunga. Mlango wa pili hawakujibu kabisa, ila uma zilisikika zikigonga sahani. Kijiji kizima kinakula, na mimi nimesimama barabarani na kipande cha jibini kwenye mfuko.

Nikakaa ukingoni mwa barabara nikalia. Sikuwa na la kufanya. Hakuna.

Baba akanigusa bega. "Kuna mashine ya kuuza mikate pale kwenye ofisi ya kijiji. Nikakuletee?"

Nikamfuata, maana sikumwamini tena kwenda popote peke yake.

Kando ya mashine kulikuwa na benchi. Juu yake amekaa mzee mmoja, mkate mrefu mapajani, kaung'ata ncha. Kigari chake kimeegeshwa mbele yake.

Baba akasimama ghafla. Nikamtazama yule mzee, nikaona pua. Ilikuwa pua ya baba yangu, juu ya uso wa mtu mwingine.

"Umechelewa," Marcellin akasema.

"Wewe je? Mbona hauko nyumbani?"

"Jumatatu kwetu duka la mikate hufungwa. Nimefuata mkate."

"Tangu saa ngapi?"

Marcellin akapangusa makombo mapajani.

"Tangu saa tatu."

Kumbe! Mmoja kakimbia na funguo, mwingine kakimbia na mkate. Wote wawili walikuwa wanaogopa meza ile ile.

"Funguo nilizitupa," Baba akasema.

Marcellin akasogea kwenye benchi. Akakata mkate, akampa kipande kikubwa. Nikatoa jibini. Hakuna aliyeomba msamaha, na mimi nilijifanya nasoma matangazo ya kijiji.

Saa saba na nusu kigari cha Marcellin kilituteremsha uani kwao. Josette alikuwa mlangoni, macho mekundu. Supu ilikuwa haijaguswa.

Jumanne Baba Mkubwa Marcellin hakuamka.

Siku ya mazishi Baba alinitoa nyumbani alfajiri, hakutaka kituo hata kimoja. Saa sita kamili ukoo wote tulikuwa mezani. Josette akainua upawa wa supu.

"Bado," Baba akasema. Alikuwa anatazama kiti cha kaka yake. "Tumpe robo saa."

Tukasubiri, supu inapoa, hadi robo saa ikaisha.

Wewe unayepanga safari yako ya kwanza, pima kilomita zako na usidanganyike na dakika kumi. Ila kabla hujawasha gari, muulize uliyembeba anaogopa nini huko mnakokwenda. Mimi sikumuuliza baba yangu, na wale ndugu wawili walibaki na mchana mmoja tu.