Nesi wa Makere na Sauti Isiyo Yake

Sista Ghati hakuwa mpenzi wa sinema, na hilo alilitangaza kila Jumamosi alasiri akiwa ameketi benchi la pili katika banda la video la Kipriani, pale senta ya Makere. "Mimi naangalia tu," aliwaambia watu. Katika miaka mitatu alikuwa amekosa Jumamosi moja, ile aliyoitwa kuzalisha mapacha, na hata hiyo aliilalamikia.

Alizaliwa Tarime, akasomea uuguzi Musoma, na serikali ikampanga zahanati ya kijiji kimoja karibu na Makere, kwenye vilima vya Kasulu. Alifika na sanduku moja na uhakika kwamba baada ya miezi sita angehamishwa. Mwaka 2013 alikuwa bado yupo, ana migomba yake nyuma ya nyumba, na Kiha chake kilikuwa kinatosha kumuuliza mama uchungu umeanza lini na kumgombeza mumewe kwa nini wamechelewa.

Maoni yake kuhusu picha yalijulikana senta nzima. Za Kihindi alizivumilia, kwa sababu, alisema, watu wanaoweza kubadilisha nguo mara tano katika wimbo mmoja hawajamuahidi mtu ukweli. Za vita zilimchosha: steringi anapigwa risasi ya bega, anafunga kitambaa, na kesho yake amembeba mwenzake mgongoni anavuka mto. Lakini zilizomtoa jasho hasa ni zetu wenyewe, za Dar es Salaam.

"Haya, tuangalie geti," alikuwa akisema. "Mlinzi anafungua geti. Gari linaingia. Mlinzi anafunga geti. Sasa anashuka. Sasa anafunga mlango. Mpaka amkute huyo mwanamke ndani, mimi nimeshachanja watoto kumi."

Na yakifika mambo ya hospitali, banda zima liligeuka kumtazama, maana lilijua kinachokuja. Dripu imebandikwa juu ya mkono wa shati. Daktari anampima mgonjwa kwa kumgusa paji la uso. Mwanamke anatapika asubuhi mara moja tu, mkwe anapiga vigelegele.

"Mimba imetoka wapi?" Ghati aliuliza. "Hapa kwetu angepimwa malaria kwanza!"

Kipriani, mwenye banda, alikuwa mtu mpole mwenye akili ya biashara. Mwanzoni alimwomba anyamaze. Baadaye aligundua kwamba wapo wanaokuja kumsikiliza Ghati kuliko picha yenyewe, akaacha kumwomba, akamwekea mto kwenye benchi.

Pembeni yake alikaa Immakulata, mhudumu wa zahanati hiyo hiyo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi kabla yeye hajazaliwa, na Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kirundi, maneno yanapanda na kushuka kama njia za milima ile. Kazini hakuna aliyemshinda kwa ukakamavu. Bandani alilia. Alilia steringi akifiwa, alilia steringi akioa, na katika picha za Kihindi, ambazo hakuelewa neno hata moja, alianza kulia kabla ya jambo lenyewe kutokea.

"Unalilia nini sasa?" Ghati alimuuliza siku moja. "Mama wa watu anapika."

"Ataumia tu," Immakulata akajibu, akifuta macho. "Muziki umebadilika."

Na kweli, dakika mbili baadaye mama akaumia. Ghati hakumsamehe kwa hilo wiki nzima.

Jumamosi moja ya Julai aliingia bandani mtu aliyeitwa Majaliwa, mpiga picha za harusi kutoka Kasulu mjini. Alikuwa amekuja Makere kwa harusi, akabaki kupumzika, akajikuta anamsikiliza Ghati akichambua kifo cha mwanamke aliyekuwa anakufa huku amepaka wanja. Picha ilipokwisha alimfuata nje.

"Sista, shikamoo. Mimi natengeneza filamu yangu ya kwanza. Kuna mambo ya hospitali ndani yake. Nataka mtu anayejua, anielekeze."

"Mimi mtumishi wa serikali, kaka. Sina muda wa mambo hayo."

"Siku moja tu."

"Hapana."

"Jumapili, sista."

"Jumapili ya lini?" Ghati akauliza, na usiku huo akalipiga pasi gauni lake jeupe mara mbili.

Kisa cha Majaliwa kilikuwa cha mkwe mkorofi anayemfukuza mke wa mwanawe, halafu mwana anagongwa na pikipiki na kufa, na mkwe anabaki na majuto. Zahanati ilitaka barua ya wilaya ndipo watu wapige picha ndani, kwa hiyo hospitali ilijengwa katika darasa la shule ya msingi wakati wa likizo. Kitanda kilitoka gesti, na shuka lake lilikuwa na maua ya waridi. Ghati alilivua shuka hilo kabla hata ya kusalimia watu. Akahamisha dripu. Akafuta kwenye ubao hesabu za darasa la nne. Akamwambia marehemu apunguze kupumua.

Saa sita mchana habari ikaja kwamba yule bwana aliyepangiwa udaktari amekwenda Kigoma kumzika shangazi. Majaliwa alizunguka darasa lile mara mbili, mikono kichwani, kisha akamtazama Ghati na gauni lake lililopigwa pasi.

"Maneno ni mafupi," alisema. "Unatoka chumbani, unamwambia huyu mama: 'Tumejitahidi kadiri ya uwezo wetu, lakini Mungu amempenda zaidi.' Halafu unainamisha kichwa. Basi."

"Hakuna muuguzi anayesema hivyo."

"Wote wanasema hivyo, sista!"

"Kwenye picha."

Walibishana mpaka kivuli cha mlingoti wa bendera kikahama. Mwisho Majaliwa, ambaye alikuwa na betri mbili tu, akakubali afanye anavyojua. Kamera ikawashwa. Ghati akatoka chumbani, akamshika kiwiko yule mama aliyecheza mkwe, akamkalisha. Akamuuliza, "Mama, umekuja na nani?" Akasubiri jibu. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mwanawe amefariki, akitumia neno hilo hilo bila kulizungusha. Kisha akanyamaza, mkono wake bado uko kwenye kiwiko.

"Kata!" Majaliwa alisema. "Sista, huzuni iko wapi?"

"Huzuni ni ya mwenye msiba. Kazi yangu ni kumshika asianguke."

Immakulata, aliyekuja kuangalia, hakutoa hata chozi moja, jambo ambalo Ghati alilipokea kama sifa. Haukupita muda pikipiki ikaja kumchukua, kuna mama ameshikwa na uchungu. Akaondoka akiwa na furaha ya mtu aliyeiweka sawa dunia.

Filamu ilifika bandani kwa Kipriani Jumamosi moja ya Novemba, saa nane mchana. Watu walijaa mpaka mlangoni. Ghati alikuwa amesuka upya, na kwa mara ya kwanza alikaa benchi la mbele. Geti likafunguliwa, gari la kuazima likaingia, geti likafungwa, naye hakusema neno. Akakumbuka tu kwamba geti lile ni la parokia.

Ndipo akajiona. Alitoka chumbani, mkubwa kuliko alivyojidhania, akamkalisha yule mama. Muziki ukabadilika. Midomo yake ikafunguka kusema "umekuja na nani", na ikatoka sauti ya mwanamke mwingine kabisa, inayopanda na kushuka kama njia za milimani:

"Tumejitahidi kadiri ya uwezo wetu, lakini Mungu amempenda zaidi."

Banda zima likashusha pumzi kwa pamoja. Wanawake wakavuta khanga machoni. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa kwamba nesi wa Tarime amepata ghafla lafudhi ya ng'ambo ya mpaka. Watu waligeuka kumshika Ghati mikono, wakamwambia amewaliza, wakamwambia hawakujua ana huruma kiasi kile. Yeye alikuwa ameshageuka kumtafuta Immakulata, ambaye alikuwa amejikunja nyuma ya watu watatu.

"Majaliwa alisema upepo umeharibu sauti yako," Immakulata alijitetea nje. "Wewe ulikuwa umeshaondoka. Akasema nisaidie mstari mmoja."

"Upepo umeingia darasani?"

"Mimi nimejuaje, dada? Akaniandikia kwenye karatasi, nikasoma. Nilisoma mara moja tu, akasema inatosha."

Hilo la mara moja ndilo lililomuuma Ghati zaidi. Kwa siku kumi na tano hawakusemeshana ila kwa kazi: leta glavu, chemsha maji, funga dirisha. Senta nzima, wakati huohuo, ilimwita Sista Tumejitahidi. Watoto waliokuja kuchanjwa walimwambia maneno yale kwa pamoja, wakainamisha vichwa.

Desemba, mvua zikiwa zimekolea, alifariki mzee mmoja mkulima aliyekuwa akiugua kwa muda mrefu. Walikuwa wamempeleka hospitali ya Kasulu, wakamrudisha nyumbani kama familia ilivyotaka, na wiki tatu Ghati alikuwa akipanda kwake kila asubuhi kabla ya kufungua zahanati, viatu mkononi kwa sababu ya matope, Immakulata nyuma yake na sanduku la dawa. Asubuhi hiyo walimkuta amekwisha kukata roho. Mkewe, Bibi Ernesta, alikuwa nje anapuna mihogo.

Ghati akafanya anavyojua. Akamkalisha kwenye kigoda. Akamshika kiwiko. "Bibi, uko na nani hapa nyumbani?"

"Niko na wajukuu."

Akamwambia. Neno lenyewe, bila kulizungusha. Kisha akanyamaza.

Bibi Ernesta hakulia. Alimtazama Ghati usoni, akangoja, akaendelea kungoja, mpaka Ghati akaanza kuona haya bila kujua kwa nini.

"Mbona husemi?" bibi aliuliza.

"Nimeshasema, bibi. Babu amefariki."

"Ego, ndiyo, hilo nimesikia. Lile jingine. La kwenye picha, la yule mtoto wa mkwe. Au huyu wangu hamkujitahidi?"

Ghati alimtazama Immakulata. Mwenzake alikuwa ameinamia sanduku la dawa, analifunga lililokwisha kufungwa, na ilikuwa wazi kwamba angekufa kabla ya kufungua mdomo. Akakumbuka zile asubuhi zote, kile kilima, yule mzee aliyekuwa akikataa uji na kuuliza bei ya maharage. Hakuwahi kumwambia mfiwa yeyote maneno yale kwa sababu yalimkaa kama kujisifu. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba mtu anaweza kuyahitaji ili ajue mume wake hakuachwa.

"Tumejitahidi, bibi," alisema, na sauti ikamtoka mbaya, imepasuka katikati. "Kadiri ya uwezo wetu."

"Na Mungu?"

"Na Mungu amempenda zaidi."

Hapo ndipo Bibi Ernesta alipolia, naye Immakulata akalia, na Ghati, ambaye kazi yake ilikuwa kumshika mtu asianguke, alikaa chini kwenye maganda ya mihogo.

Walipokuwa wakiteremka kurudi, Immakulata alimpokea viatu bila kuombwa. Kwenye daraja la magogo Ghati akasema, "Ila ulisoma haraka mno. Mtu akifiwa hasomewi mbio." Immakulata akasema ni kweli. Habari ikaishia hapo.

Majaliwa alitoa sehemu ya pili mwaka uliofuata. Ghati alikataa kushiriki, safari hii kweli, na nafasi yake akapewa dada mmoja wa Kasulu mjini aliyevaa miwani na kuivua taratibu. Watu wa Makere walipiga kelele kwamba huyo ni nesi wa kuigiza, wao wanamtaka yule wa kweli mwenye sauti nzuri. Kipriani alilazimika kuizima picha kwa muda.

Mwaka 2015 barua ya uhamisho, ambayo Ghati alikuwa ameacha kuingoja, ikafika. Hawakumpeleka kwao, mkoa wa Mara. Walimpeleka Kumsenga, wilaya ya Kibondo, ambako hakuna aliyemjua. Jumamosi yake ya kwanza aliuliza banda la video liko wapi, akakaa benchi la pili. Ikaja hospitali. Dripu ilikuwa inaning'inia chini ya kitanda.

"Hivyo damu ya mgonjwa itashukia kwenye chupa," alisema kwa sauti.

Mama aliyekaa mbele yake akageuka. "Wewe mgeni, kama unajua sana si ungeigiza wewe?"

Ghati akafungua mdomo. Akaufunga. Akaiangalia picha ile mpaka mwisho bila kusema neno, na kwa maoni yake ilikuwa mbovu sana.