Ploti Iliyojibu kwa Sauti Moja

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, na njia ya mtaa wetu wa Kambi Muru imekuwa matope.

Mwanangu, umeniuliza utawajibu nini watu wa utafiti wa chanjo wakifika hapa kesho. Najua mtoto wako alikosa sindano ya pili ya surua na unaona aibu. Mimi shule niliiacha mapema, mambo ya daktari siyawezi. Lakini nakumbuka asubuhi moja nikiwa mama kijana, tukikaa kitongoji cha Kongo kule Kawangware, na surua imeingia ploti ya jirani, vyumba vya kupanga kama vyetu.

Ploti yetu ilikuwa na desturi: mgeni akija na maswali, jibu ni moja. Awe kanjo, yaani askari wa jiji, awe wakala wa mwenye nyumba, aliambiwa hapa hakuna shida. Kwa hivyo msichana mmoja wa utafiti alipokuja kuuliza kama watoto wamechanjwa, mpangaji mwenzetu Mama Brayo alimkatiza.

"Wote. Andika wote."

Nilijua mwanawe Brayo hajachanjwa.

Mlangoni alikaa mpangaji mzee kuliko sisi sote, mtu wa upande wa ziwa. Tulimwita Dani, yaani nyanya kwa lugha yao. Akasema bila kuinua kichwa, "Brayo hajachanjwa."

"Na wewe mathe, nani amekuuliza? Mtoto ni wako?"

"Si wangu. Wangu nilimzika, surua ilipopita kule kwetu."

"Basi usinizikie wangu kwa mdomo."

Msichana akatueleza polepole: chanjo hupangwa kwa majibu kama haya. Ikiandikwa kwamba huku wote wamechanjwa, dawa itapelekwa kwingine na surua itabaki na sisi.

Nisimwonee Mama Brayo. Alifua nguo za watu, na siku ya kliniki ni siku ya kukosa kibarua. Tena alishawahi kwenda, nesi akamfokea mbele ya foleni kwa kuchelewa. Na Dani naye, hadi leo sijui kama ilimfaa kutoa siri ya mtoto wa mwenzake. Nafikiri hivi, kisha nafikiri vile.

Ng'ambo ya mabati mtoto wa jirani alikuwa akikohoa, kikohozi kisichokatika. Mama Brayo alisikiliza.

"Andika hajachanjwa," akasema. "Lakini huyo nesi akinifokea tena, nitamwachia mtoto hapo hapo."

"Twende wote," Dani akasema. "Akufokee nikiwepo."

Walirudi kutoka kliniki mchana, Brayo akilia, mkono umevimba.

"Akichemka mwili leo nakuletea, umbebe wewe," Mama Brayo akamwambia Dani.

"Mlete. Kwani nina kazi gani?"

Surua ilipita kwetu, ikawashika wengine. Brayo haikumshika. Siwezi kuapa ni sindano peke yake, ila mimi naamini hivyo.

Kwa hivyo, mwanangu, mtu wa utafiti si kanjo. Mtoto amekosa, sema amekosa, na useme kwa nini, hata kama sababu ni nesi. Ya mtoto wa jirani usiyaseme wewe. Mwambie mama yake mkiwa wawili, halafu umsindikize kliniki. Wako nitamsindikiza mimi. Mungu amlinde, akue hadi anipite urefu, na wewe akuondolee hofu ya kuulizwa.

Jioni tumekula ugali, sukuma wiki na mayai. Mtoto wako amemaliza yai lake na nusu ya langu.