Mikia ya Absalom

Absalom alikuja Saudia kuendesha gari. Mkataba ndivyo ulivyosema, na mimi Roseline, Mama Joy, ni shahidi, maana tulikaa kiti kwa kiti kwenye ndege mwaka ule wa 2014, maajenti wa Nairobi walipokuwa wakitusafirisha kama magunia ya viazi. Kafili wetu, yaani bosi aliyetudhamini, alikuwa mmoja. Mimi nikabaki Jeddah, jikoni kwa mkewe, madam, mtaa wa Al-Hamra. Yeye akapelekwa shamba la bosi nje ya Riyadh, akakabidhiwa bunduki.

Bunduki, jamani! Ndogo, ile ambayo risasi yake haizidi punje ya hindi, lakini bunduki ni bunduki. Bosi alilima barsim, majani ya ng'ombe, na chini ya barsim panya wa jangwani walikuwa wamechimba kila mahali. Walikata mizizi, wakatafuna mipira ya maji. Mgeni kushika bunduki kule ni makosa, na bosi alilijua hilo kuliko sisi. Alimwambia tu, "Wewe Kenya, unajua wanyama. Yalla, anza."

Basi Absalom akawa wa kulala kifudifudi kwenye tuta tangu alfajiri, jicho kwenye shimo. Panya akitoka husimama kwa miguu ya nyuma achungulie, hapo ndipo humpiga. Jua likipanda, mgongo unaiva. Alinipigia simu siku moja akasema, "Mama Joy, nimechoka mpaka macho. Nikiyafumba naona mashimo."

Nikamjibu, "Afadhali wewe panya wako wanakufa. Vyombo vyangu havifi." Tukacheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliochoka.

Kisha mama yake kule Lugari akaugua. Miguu ilivimba, akawa hainuki kitandani, na kila siku anauliza Absalom anafika lini. Absalom akaomba ruhusa. Bosi akasema, "Maliza panya, utaenda." Bila karatasi ya bosi hutoki nchi ile, hata ulie machozi ya damu.

Sasa nieleze jambo la kwetu. Fuko akiharibu viazi, unamwita mtega fuko. Akimnasa, anakata mkia na kumletea mwenye shamba. Bila mkia hujafanya kazi, hata uape kwa kaburi la babu yako. Baba yake Absalom alikuwa mtega fuko. Kwa hiyo mtoto wa watu kila akiua panya alikata mkia, akaupaka chumvi, akauanika, akautia kwenye mfuko wa mchele.

Siku aliyotumwa kuleta mbuzi Jeddah, alikuja na mfuko ule. Aliingia kwa mlango wa jikoni, vumbi mpaka kope, akauweka mfuko mezani. "Ushahidi wangu huu," akasema. Kabla sijamwambia auondoe, madam akaingia. Alidhani ni tende. Akatia mkono.

Woi! Ukelele ule sijausahau. "Sihr! Sihr!" Yaani uchawi. Na kesi ya uchawi kule si ya faini, mtu hupoteza kichwa. Bosi alifika mbio, simu mkononi, tayari kuita polisi. Absalom alisimama kama mlingoti.

Sijui nilitoa wapi ujasiri. Nikasema kwa Kiarabu changu cha jikoni, "Bosi, mafi sihr, hakuna uchawi! Kwetu mkia ndio hesabu ya kazi. Hawa ni panya wako. Na bunduki ni yako. Polisi wakija wataiulizia."

Bosi akashusha simu. Akaokota mkia mmoja, akaugeuzageuza, akaona kile kishungi cheusi cha nchani. Akaanza kucheka. "Mashallah! Wote hawa?" Madam alikuwa ameshakwenda kunawa.

Absalom akapata pumzi. "Bosi, ulisema nikimaliza nitaenda. Mama ni mgonjwa sana. Nakuomba." Sikuwahi kumsikia mwanamume yule akiomba.

Bosi akautazama mfuko tena. Kicheko kikamwisha. "Ikiwa umeua wengi hivi," akasema, "shambani wamebaki wangapi? Na nani mwingine atawaweza? Rudi. Baada ya msimu tutaona." Akampiga begani. "Wewe hodari."

Hodari! Nilitaka kumrushia sufuria.

Nilimpakulia Absalom wali, akaushika tu. "Mama Joy," akasema, "ningeleta mikia michache, ningekuwa nakwenda nyumbani."

Asubuhi alirudi Riyadh. Mama yake alifariki kabla msimu haujaisha. Ndugu zake walimpigia kutoka makaburini, wakaiweka simu juu ya jeneza ili naye aage. Aliniambia mwenyewe baadaye. Watu wote wakimngoja, padri akimngoja, akasema tu, "Mama, nilikuwa kazini."